Umaskini wa Filamu na Insafu ya Mtazamaji

Katika filamu ya mfululizo iitwayo King of the Rocket Men, iliyotolewa na kampuni ya Republic ya Marekani mwaka 1949, shujaa huvaa koti la ngozi lililofungwa roketi mgongoni, na kofia ya chuma iliyochongoka mbele, na kifuani pake pana vifundo vichache vya kuzungusha, vilivyoandikwa washa na zima, juu na chini, upesi na polepole. Naye akisha kuvizungusha hupiga hatua chache za mbio, akaruka, na mara yumo angani, anapita juu ya vilima vya California pasina bawa wala usukani. Mtazamaji wa leo akiiona ajabu hiyo, aghalabu hucheka. Mimi nami nimecheka, wala sioni haya kulisema, kwani ni nani atakayeona chombo cha kuishinda nguvu ya ardhi kikiendeshwa kama redio ya mezani, asicheke? Lakini madhali filamu hizi zimehukumiwa kwa kicheko kwa miaka mingi, ilhali watetezi wake nao huzitetea kwa machozi ya kukumbuka utoto wao, nimeona si vibaya kuuliza ni kipimo gani kimfaacho mtu mwenye insafu anapoketi kuzitazama, na ni nani, katika watazamaji wote waliopata kuziona, aliyezipima sawasawa.

Kwa wasiozijua nitaeleza kwa ufupi. Kabla ya televisheni kuingia majumbani, majumba ya senema ya Marekani yalikuwa na desturi ya kuonyesha kila Jumamosi mchana, pamoja na filamu kubwa ya siku hiyo, sura moja ya hikaya ndefu iliyogawanywa sura 12 hadi 15, kila sura ikichukua kiasi cha robo saa au dakika 20, na kila sura, isipokuwa ya mwisho, ikikatika palepale shujaa anapoporomoka gengeni au chumba alimofungiwa kinapoanza kuwaka, ili mtoto aliyelipa senti 10 wiki hii asikose kurudi wiki ijayo na senti 10 nyingine. Zilikuwapo za wachunga ng'ombe, za wapelelezi na za msituni. Lakini zile za safari za sayari na mitambo ya ajabu ndizo zilizodumu katika kumbukumbu za watu, na iliyozipa fahari yake ni Flash Gordon, sura 13, iliyotolewa na Universal mwaka 1936 kutokana na katuni ya magazetini ya Alex Raymond iliyoanza miaka miwili kabla. Shujaa wake alikuwa Buster Crabbe, mwogeleaji aliyetwaa medali ya dhahabu katika Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1932, ambaye nywele zake zilitiwa rangi ya dhahabu ili afanane na mtu wa kwenye katuni. Na hasimu wake alikuwa Charles Middleton, mzaliwa wa Kentucky, akijifanya Ming, mfalme katili wa sayari ya Mongo. Ikafuata safari yao ya Mirihi mwaka 1938, kisha Buck Rogers mwaka 1939, na nyingine nyingi za kila namna, mpaka mwaka 1956 studio za Marekani zilipoacha kabisa kazi hii, watoto wakiwa wamekwisha kuhamia mbele ya televisheni.

Umaskini wa filamu hizi si siri, wala mafundi wake hawakujisumbua sana kuuficha. Radar Men from the Moon ya mwaka 1952, yenye sura 12, ilipigwa kwa muda wa wiki tatu hivi na kugharimu dola 185,000 na ushei, na katika fedha hiyo ilitakiwa ipatikane safari ya kwenda mwezini na kurudi, miji inayopigwa na mizinga ya atomu, na ngumi za kutosha kila sura. Kwa hiyo Republic hawakutupa kitu. Gari la vita la watu wa mwezini katika filamu hiyo ndilo lililokuwa gari la majeshi ya Atlantis, chini ya bahari, katika Undersea Kingdom ya mwaka 1936. Vazi la Retik, mtawala wa mwezi, ndilo alilolivaa mchezaji yule yule, Roy Barcroft, alipokuwa mvamizi wa kutoka Mirihi katika The Purple Monster Strikes ya mwaka 1945. Na kila Commando Cody, shujaa wa 1952, anaporuka angani, aghalabu tunayemwona akiruka ni mwenziwe wa 1949, aliyekatwa katika filamu ile akaungwa katika hii. Watu nao walitumiwa kwa uangalifu huo huo: Ray Corrigan, katika mwaka mmoja wa 1936, alikuwa shujaa wa Undersea Kingdom, na gorila katika Darkest Africa, na mnyama mwenye pembe kichwani katika Flash Gordon, na katika kazi hizi mbili za mwisho hakuna aliyeuona uso wake, kwa kuwa alikuwa ndani ya ngozi. Hata muziki unaomsindikiza Flash huko Mongo, sehemu yake ni ule uliotungwa na Franz Waxman kwa ajili ya Bride of Frankenstein mwaka mmoja kabla.

La kustaajabisha kupita yote ni mwisho wa hikaya ya yule mwenye vifundo kifuani. Katika sura ya mwisho bahari inauvamia mji wa New York, maghorofa yanakatika na kuanguka, mawimbi yanapita barabarani. Na picha hizo zote, ambazo ni za kutisha kweli, zilichukuliwa kutoka Deluge, filamu ya mwaka 1933 ya kampuni nyingine. Basi hikaya ya bei nafuu ikauangamiza mji mkubwa kuliko yote ya Marekani kwa sababu tu uangamizi huo ulikuwa umekwisha kupigwa picha, ukapatikana kwa bei nafuu.

Wenye kuzicheka wana hoja, nami siwapingi kwa hilo. Hodari wao ni kipindi cha televisheni cha Mystery Science Theater 3000, kilichozaliwa Minneapolis mwaka 1988, ambamo mtu mmoja na roboti wawili, yaani vibaraka wa kuchezeshwa kwa mkono, huketi mbele ya filamu mbovu, vivuli vyao vikionekana chini ya picha, wakaitolea dhihaka tangu mwanzo hata mwisho. Radar Men from the Moon ilikuwa miongoni mwa walizozishughulikia mapema, na Undersea Kingdom ikafuata baadaye. Dhihaka zao nyingi ni za akili, na mwenye kuzisikiliza kwa makini atatambua kwamba hao wenye kucheka nao walikuwa maskini, vibaraka wao wakiwa wameundwa kwa vyombo vya nyumbani na takataka za plastiki, hata mtu akaona kuwa ni fundi anamtania fundi mwenziwe kwa kuyajua mashaka ya kazi. Ubaya umekuja kwa waliowafuata, ambao waliichukua dhihaka wakaiacha ile huba iliyokuwa chini yake, na sasa kuna watazamaji wengi ambao hawawezi kukaa mbele ya picha ya kale dakika tano bila kuwatazama wenzao kwanza, wajue kama wenzao wanacheka.

Na haya ya kuchekwa si jambo la leo. Ray Bradbury, mwandishi mashuhuri wa hadithi za kisayansi, alipokuwa mtoto huko Illinois mwaka 1929, alikuwa akikata katuni za Buck Rogers katika gazeti na kuziweka akiba. Wenzake wa shuleni wakamcheka, naye kwa fedheha akazichana zote. Baadaye alilia, akaanza kuzikusanya upya, na katika uzee wake alipenda kukisimulia kisa hicho kama siku aliyojifunza kutowasikiliza wenye kuchekea kile anachokipenda. Lau angaliendelea kuwasikiliza, sidhani tungalimjua.

Wazee walioziona utotoni wao husema kinyume: kwamba zilikuwa tamu, kwamba siku hizi hakuna tena kitu kama hicho, na kwamba asiyezipenda hana moyo. Ushahidi wao una uzito, maana mtu aliyekuwapo ni shahidi, tena wana wa kujivunia. George Lucas, aliyezitazama katika televisheni alipokuwa mtoto katika mji wa Modesto, alitaka kwanza kuitengeneza upya Flash Gordon yenyewe. Alipoikosa haki ya kufanya hivyo akatunga Star Wars ya mwaka 1977, na yale maandishi yanayopanda mwanzoni na kufifia mbali angani aliyachukua katika Flash Gordon Conquers the Universe ya mwaka 1940. Flash Gordon ya kwanza nayo iliingizwa mwaka 1996 katika orodha ya taifa ya filamu zinazohifadhiwa huko Marekani. Lakini wazee hao wana taksiri moja, nayo ni kuzikumbatia zote kwa jumla, nzuri kwa mbaya, kana kwamba umaskini ulizifanya zote sawa. Na hilo si kweli hata kidogo.

Ushahidi wa hilo ni jambo la kuruka angani. Ndugu wawili, Howard na Theodore Lydecker, mafundi wa Republic, walipotakiwa kumrusha mtu, waliunda sanamu jepesi, kubwa kidogo kuliko mtu wa kawaida, wakalivisha nguo za shujaa, wakapitisha ndani yake nyaya nyembamba zilizotandazwa kwa mbali sana kutoka mahali pa juu hata pa chini, wakaliachia liteleze nje, chini ya jua lenyewe na mawingu yenyewe. Kisha wakakiunga kipande hicho na cha David Sharpe, mrukaji asiyekuwa na mfano, akijirusha kutoka juu ya ukuta, na jicho likadanganyika kwa radhi yake. Ufundi huo waliutumia katika Adventures of Captain Marvel mwaka 1941, na tena katika King of the Rocket Men. Kampuni ya Columbia, waliokuwa na watoto wale wale na Jumamosi zile zile, walipompata Superman mwaka 1948, mtayarishaji wao Sam Katzman, mtu aliyesifika kwa kubana matumizi, aliona njia fupi: kila Kirk Alyn, mchezaji wa Superman, anapotaka kuruka, mtu mzima wa nyama na damu anatoweka, na mahali pake panakuja mchoro wa katuni unaopaa kama karatasi. Kwa macho yangu mimi, mtoto aliyemtazama yule wa Republic alipewa kazi ya mtu aliyefikiri usiku kucha, na yule wa Columbia alipewa udhuru. Senti zilikuwa chache pande zote mbili. Kwa hiyo mwenye kusema kwamba filamu hizi zilikuwa mbovu kwa sababu hazikuwa na fedha hajazitazama, na mwenye kusema kwamba zilikuwa njema kwa sababu hazikuwa na fedha naye hajazitazama.

Nafika sasa kwa mtazamaji ninayemtukuza kuliko hao wote, naye ni mtoto mwenyewe wa Jumamosi, aliyekuwa akiulizwa maoni yake kila wiki, mlangoni, kwa senti 10. Huyu hakujali kwamba milima ya mwezini ilikuwa ya California. Hakujali kwamba roketi ya Flash hutoa moshi unaopanda juu badala ya kurudi nyuma, ikizunguka na kunguruma kabla ya kutua, wala kwamba waya wake mara nyingine huonekana. Hayo yote aliyasamehe kabla hajaketi. Aliloshindwa kulisamehe ni hadaa, na hadaa ilikuwa nyingi. Sura hukoma gari la shujaa likiporomoka gengeni naye yu ndani, ameshika usukani, tunamwona kwa macho yetu. Wiki nzima mtoto anafikiri atatokaje. Jumamosi inakuja, gari linaonyeshwa tena, na safari hii, kabla halijafika ukingoni, shujaa anafungua mlango na kujitupa kando. Kipande hicho wiki iliyopita hakikuwapo.

Stephen King amekiandika kisa hiki katika riwaya yake ya Misery ya mwaka 1987, kwa kinywa cha Annie Wilkes, muuguzi mwenye wazimu aliyemfunga mwandishi nyumbani kwake na kumlazimisha kumfufua mhusika aliyekwisha kumwua. Mwandishi anafanya ujanja, anaandika kana kwamba kifo hakikutokea. Na Annie, kwa ghadhabu, anamsimulia jinsi alivyokuwa mtoto akimtazama Rocket Man, na jinsi siku ile ya gari alivyosimama katikati ya watoto wenzake akapiga kelele kwamba wameibiwa, kwamba yule mtu hakutoka garini. Ni mwanamke katili, tena mwuaji, lakini katika jambo hilo hakuna mhakiki aliyemshinda. Anamfundisha mwandishi kwamba hikaya haina haja ya kuaminika. Ina haja ya kutenda haki. Kwa mfano wangu mimi, shujaa akitupwa kutoka katika eropleni, akawasha roketi yake hewani na kuokoka, haiwezekani, lakini ni haki, kwa sababu roketi hiyo tuliijua tangu sura ya kwanza. Shujaa kutoka garini wakati tulipomwona hakutoka, hiyo ni ghushi, hata kama ndiyo iwezekanayo zaidi kati ya mbili hizo.

Sijui kipimo bora kuliko hicho, na ukikitumia utaona filamu hizi zikijitenga zenyewe. Flash Gordon ya 1936, pamoja na upuuzi wake wote, mara nyingi hutenda haki: mtu huokolewa na mtu, Aura binti Ming akimsaliti baba yake kwa sababu ya mapenzi, au mwanamfalme wa watu simba akirudisha fadhila, na kila wokovu una mbegu iliyopandwa nyuma yake. Nyingi za miaka ya 1950 hazitendi haki. Zimejaa kujitupa kando, na katikati yake huwekwa sura nzima ambamo wahusika wameketi chumbani wakikumbushana yaliyopita, picha za sura za nyuma zikirudiwa, mtoto akiwa amelipa mara ya pili kwa kitu alichokwisha kukinunua.

Hata hivyo mtoto huyo hakimu alikuwa na upofu wake, na hapo sisi wa huku tuna neno la kusema ambalo yeye asingeweza kulisema. Republic walipotaka kutoa filamu yao ya kwanza ya sura, mwaka 1936, waliiita Darkest Africa. Shujaa wake ni Clyde Beatty, mfunza simba wa sarakasi, akitumia jina lake mwenyewe. Na katika bara hilo lililopigwa picha California, anaukuta mji uliopotea uitwao Joba, unaolindwa na watu wenye mabawa ya popo. Fikiri jambo hilo. Watengenezaji wenye kutaka watu wenye mabawa walikuwa na Mirihi, na Zuhura, na nyota zote za falaki ambazo hakuna shahidi angeweza kuzikana. Wakachagua bara lenye reli, bandari, magazeti na mahakama, lenye watu wa kulikana neno hilo mara moja, ila hakuna aliyewauliza. Afrika kwao ilikuwa sayari iliyo karibu, isiyohitaji roketi. Ming naye, kwa mavazi yake na ndevu zake na jina lake, alikuwa karaha ya Mmarekani kwa Mchina, iliyopelekwa sayari nyingine ili isionekane kuwa ni karaha.

Mtoto wa Jumamosi, aliyelipigia kelele gari, hakulipigia kelele hili. Nami silioni kuwa ni jambo jingine mbali na lile la gari. Ni hadaa ile ile, imefanywa kwa ustadi zaidi, kwa kuwa mtoto aliyeona gari wiki iliyopita alikuwa na kumbukumbu ya kumtetea, na juu ya Afrika hakuwa na kitu chochote cha kukumbuka. Na watoto weusi wa majimbo ya kusini, waliokuwa wakiketishwa roshani mbali na wenzao weupe, walilipa nauli yao ya kwenda Joba vilevile. Kwa hiyo anayeniambia kwamba nisiichukue Darkest Africa kwa uzito, kwa kuwa ni ya bei rahisi na ya kitoto, namjibu kwamba umaskini wake nimekwisha kuusamehe, pamoja na gorila wake mwenye zipu. Hili si la umaskini.

Limebaki jambo la namna ya kutazama, nalo ni dogo lakini huharibu hukumu nyingi. Filamu hizi hazikuundwa kutazamwa kwa mkao mmoja. Studio zenyewe ndizo zilizoanza kosa hilo, zilipozikata na kuzishona kuwa filamu za kawaida: King of the Rocket Men ikawa Lost Planet Airmen mwaka 1951, na mwaka 1966 Undersea Kingdom ikauziwa televisheni kwa jina la Sharad of Atlantis. Mtu akizitazama sura 12 mfululizo usiku mmoja, kama tunavyotazama tamthilia zetu za siku hizi, ataona ngumi zile zile, kofia zile zile zisizodondoka vichwani, na barabara ile ile ya vumbi mara ishirini, na kabla ya saa sita ya usiku atakuwa amekwisha kuwadharau waliozitengeneza, waliozipenda, na nafsi yake pia.

Basi nakusihi, msomaji: ukitaka kuwa hakimu wa filamu hizi, anza na Flash Gordon ya mwaka 1936, tazama sura ya kwanza Jumamosi hii, uzime, ungoje wiki nzima. Kama yuko mtoto nyumbani, mwite aketi nawe, usimwambie lolote juu ya waya wala moshi. Na sura ya pili ikiisha, muulize yeye kwanza kama ametendewa haki.